Ukuta Uliomjua Saumu

Guta lilikuwa limeshaiacha barabara ya ndani na kushika ile ya kwenda darajani, ndipo mtoto akaanza kukohoa chini ya godoro.

"Mwambie anyamaze," nilimwambia Mwantumu bila kugeuka.

"Mjomba, anakohoa. Kikohozi hakiambiwi."

Nikazidi kupiga pedeli. Ilikuwa Ijumaa, jua la Tanga limesimama utosini, na wanaume wa Mabanzini karibu wote walikuwa msikitini. Ndiyo sababu tuliichagua saa hiyo. Usiku mtaa ule ulikuwa kimya mno, hata ukitembea peku watu wanajua ni nani. Lakini mzee akionekana mchana kweupe na guta lenye godoro, jiko la mkaa na ndoo mbili, watu husema tu: huyo naye kashachoka kukaa, anahama tena. Nimehama mara nyingi kiasi kwamba kuhama kwangu si habari.

Chini ya godoro alikuwa Saumu, mjukuu wa dada yangu, mtoto wa miaka minne. Juu yake alikaa mama yake, Mwantumu, akijibana pembeni asimwelemee, kanga kaifunga kichwani kama mtu anayesindikiza mzigo wa mwenziwe. Nyumba zilitutazama kutoka pande zote mbili. Nasema zilitutazama kwa sababu sina neno jingine. Nyumba za kawaida unazipita tu. Zile unazipita huku umeshusha sauti.

Darajani alikuwepo Kombo, kijana wa kamati ya mtaa, jitu la mabega, kakalia kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Kazi aliyopewa ilikuwa moja tu: Saumu asivuke.

"Aa, Mzee Mhina! Safari hii wapi? Handeni? Mwezini?"

"Pongwe."

"Pongwe hapo? Kweli umezeeka. Zamani tukisikia umehama, tunasikia uko nchi za watu."

"Miguu ndiyo imezeeka. Mimi bado."

Alicheka. Kisha akamtazama Mwantumu, kicheko kikapungua. "Na wewe dada, unahama na mjomba?"

"Namsindikiza stendi. Nani atamshushia godoro, wewe?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwa bibi yake. Nenda kamtazame, si una miguu?"

Kombo alisimama. Akaja taratibu, akaweka kiganja chake juu ya godoro, akalibonyeza kama mtu anayechagua papai sokoni. Mwantumu alikuwa anatazama maji chini ya daraja, na vidole vyake vimeng'ang'ania ubao wa guta mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Hili la sufi," Kombo alisema. "Mimi nalalia sponji, mgongo umekufa. Mzee, ukifa niachie."

"Nikifa nitakuwa nimelilalia."

"Basi nitakusukuma kidogo." Akaondoa mkono. "Pita, mzee. Wasalimie Pongwe."

Tukapita. Mbao za daraja zililia moja moja chini ya magurudumu, na Saumu hakukohoa tena. Hilo ndilo lililonitisha.

*

Mabanzini ya zamani niliijua vizuri, ingawa sikuwahi kukaa humo msimu mzima. Vibanda vya mabanzi na mabati yenye kutu, mtaro unaonuka katikati, na kila masika maji yanapanda mpaka kitandani. Dada yangu Hadia alizalia humo, akafiwa na mume humo. Halafu ukaja mradi.

Walileta makapi ya mkonge kutoka mashambani, yale yanayobaki baada ya singa, zile nyuzi za katani, kutolewa. Wakayashindilia ndani ya fremu za mbao, wakapanda kuvu. Kabla mvua za vuli hazijaanza, kuta zilikuwa zimeota. Nje ukuta mgumu kama mfupa, ndani una uhai. Unakunywa maji machafu ya bafuni na jikoni, halafu unatoa hewa ya ubaridi. Ukipasuka, unajiziba. Juu ya mapaa kukaota mchicha na matembele. Na kwa kuwa hapakuwa na saruji wala nondo, kodi yake hata muuza maandazi aliimudu, wala hakuna aliyefukuzwa ili mwenye uwezo aingie. Nalisema hilo kwa haki, maana nimeona miji mingi ikipendezeshwa kwa kuwahamisha wenyewe. Watu waliziita nyumba za uyoga, wakazipenda. Kipindupindu kilisahaulika. Watoto wakalala bila kujipepea.

Nyumba zote mzizi wake ulikuwa mmoja, umepita chini ya mtaa mzima. Na mzizi huo ulikuwa na akili ya aina yake. Injinia Nakijwa, mama mwembamba wa Kipare aliyeulea tangu ukiwa kwenye chupa, alinieleza hivi: kila kitu chenye uhai kinachougusa, mzizi unakionja. Ukikuta ni sehemu yake, unakilisha. Ukikuta ni mwizi, kama mchwa au panya, unakiua. Kwa binadamu, waliufundisha umwache apite, kama hayupo. Kwa hiyo kulikuwa na sharti moja, na kila aliyepewa ufunguo alisomewa: usizike kitu chochote cha mwili wa mtu karibu na nyumba.

Wengine walipojifungua walipeleka kondo la nyuma na kitovu mashambani kwa wazee wao, wakazika huko. Dada yangu hakukubali. Mimi na yeye tulizaliwa bondeni, na mwaka niliozaliwa mimi mto ulifurika ukabeba mgomba ambao kondo langu lilizikwa chini yake. Mama yetu alisema, na Hadia akaamini maisha yake yote, kwamba ndiyo maana sikai. Kondo langu liko baharini linazunguka, nami nazunguka. Mwantumu alipojifungua Saumu, Hadia alilibeba kondo kwenye chungu, akachimba chini ya ukuta wa chumba chake, akalizika. "Huyu atakaa," alisema. "Huyu hatazurura kama mjomba wa mama yake."

Kila bibi wa kwetu angefanya vile, kama si lile sharti.

"Kondo kazi yake nini, mzee?" Injinia Nakijwa aliniuliza siku aliyogundua kilichozikwa pale, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosa usingizi. "Linakaa katikati ya miili miwili. Linauambia kila mwili: huyu si mgeni, mlishe. Ukuta ulikuwa haujui kumlisha mtu. Kondo limeufundisha."

Akaniambia nyumba ilikuwa inamlisha Saumu kwa hewa, kwa jasho la ukutani, kwa kumgusa tu anapolala. Mtoto hakuwahi kuugua hata mafua. Tulifikiri ni baraka. Kisha Mwantumu akampeleka Muheza kwenye harusi, wakalala huko. Nyuma yao milango ya mtaa mzima ikaanza kubana. Fundi Mngoya, mchomelea vyuma, mtu mwenye kitambi, alikuwa anatoka nje akanaswa kwenye mlango wake mwenyewe. Mbavu zilivunjika. Haukumwachia mpaka Saumu aliporudi na kukanyaga kizingiti.

Tangu hapo kamati ikaamua: mtoto asivuke daraja. Na tangu hapo, kila asubuhi, Mwantumu akawa anakuta nyuzi. Nyuzi nyeupe, laini kuliko utando wa buibui, zimetoka ukutani usiku, zimepita juu ya shuka, zimeingia kwenye kitovu cha mtoto. Alizikata kwa kucha. Kesho yake zikawa nene zaidi. Siku alipozikata na Saumu akalia, "Mama, unanikata," ndipo aliponijia kibarazani kwangu na kuniuliza swali ambalo mimi peke yangu mtaani ningeweza kulijibu: mtu anaondokaje mahali bila watu kugundua?

*

Ng'ambo ya daraja kuna kituo cha mafuta kilichofungwa siku nyingi. Tulisimama kivulini, Mwantumu akalipindua godoro.

Saumu alikuwa amejikunja, magoti yamegusa kidevu. Kwa jua lile, chini ya sufi, angepaswa kuwa ameloa jasho. Nilimshika mguu. Ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, na midomo yake imepauka.

"Babu," aliniambia, "nyumba inataka."

"Inataka nini, mama?"

"Haisemi. Inavuta." Akaweka mkono kitovuni.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Injinia Nakijwa, na nyuma ya sauti yake watu walikuwa wanapiga kelele.

"Mzee Mhina, mmevuka?"

"Umejuaje ni mimi?"

"Nani mwingine hapa anayehama? Nijibu, mmevuka?"

"Tumevuka."

"Milango imeanza. Mara hii inakwenda kasi, kwa sababu mtoto amekua na mzizi umemzoea. Wanaume wako msikitini, majumbani wako wanawake na wagonjwa. Mzee, unanisikia? Itabana mpaka imwone."

"Na mtoto akibaki huku?"

"Ataumwa sana. Mwili wake kazi nyingine umeuachia ukuta, lazima ujifunze upya. Anaweza kupona. Anaweza asipone. Sijui! Hakuna aliyewahi kufanya jambo hili, mnaniuliza kama vile nimelisomea!"

Nilikata simu. Mwantumu alikuwa amesikia kila neno.

"Usigeuze," alisema.

"Mwanangu, kuna watu mle ndani."

"Wana milango, watoke. Mwanangu mlango wake ni upi?" Alimnyanyua mtoto akampakata. "Ukigeuza guta nitashuka nitembee kwa miguu. Utanibeba kwa nguvu, mjomba? Utanifunga kamba?"

Nilikuwa nimeshika usukani, na nakuambia mikono yangu ilitaka pande zote mbili. Mbele ilikuwepo barabara, na barabara ni kitu ambacho sijawahi kukikataa. Nyuma walikuwepo watu walionipa maji, chumvi, mahali pa kuweka godoro.

"Mama yako yumo," nilisema.

"Mama anajua. Nilimuaga asubuhi."

"Akasemaje?"

"Alisema, nendeni, mimi nitazungumza nao."

"Na nani? Na kamati?"

Mwantumu alinitazama, na ndipo nilipoona kwamba swali hilo lilikuwa halijampitia kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke, machozi yakamtoka.

Nikashuka. "Utaweza kuliendesha?"

"Nimekulia Mabanzini. Naweza kuendesha hata jeneza."

Nilimfunga Saumu kwa kanga kifuani mwa mama yake, nikalisimamisha godoro nyuma yao liwakinge. Mtoto alinishika kidole, vidole vyake vimekufa ganzi, kisha akakiachia. Guta likaenda. Sikungoja lipotee, kwa sababu ningengoja ningelifuata.

*

Kiti cha Kombo kilikuwa kimepinduka darajani, hakuna mtu.

Sauti niliisikia kabla ya kuona. Ilikuwa kama turubai bichi linalokunjwa na watu wengi kwa pamoja, polepole. Halafu juu yake sauti za wanawake.

Madirisha yalikuwa yanafumba. Mlango ambao asubuhi uliingiza kabati sasa usingeingiza kiti. Wanaume walikuwa wamekimbia kutoka msikitini, kanzu wamezifunga kiunoni, wanakata kuta kwa mapanga, na kila panga lilipotua palitoka ute mweupe na tundu likaziba kwa haraka zaidi kuliko mwanzo.

"Msikate!" Injinia Nakijwa alikuwa anazunguka baina yao, ushungi umemwangukia mabegani. "Mnauumiza, unabana zaidi! Acheni!"

"Tuache? Mke wangu yumo!"

Huyo alikuwa Kombo. Aliponiona aliacha panga, akanikamata shati, akaninyanyua mpaka nikasimama kwa vidole.

"Chini ya godoro," alisema. "Alikuwa chini ya mkono wangu huu. Na wewe ukanitania."

"Nilikutania."

"Nitakuua, mzee."

"Kombo! Mpokee! Mpokee mtoto!" Mke wake, Mishi, aliita kutoka ndani. Dirisha lao lilikuwa limebaki upana wa sufuria ya uji. Kombo aliniachia nikaanguka. Kwenye lile tundu kikatokea kichwa cha mtoto mchanga, kisha bega, na pale bega la pili likakwama. Hakuna aliyethubutu kuvuta. Mishi alikuwa anasukuma kutoka ndani, huku analia na kumbembeleza mtoto kwa pamoja, na Kombo, lile jitu, alimshika mwanawe kwa vidole viwili viwili kama mtu anayetoa mwiba, akamgeuza kidogo, kidogo tena, mpaka akatoka. Ukabaki uso wa Mishi tu kwenye tundu. Kisha jicho na pua. Kombo akaweka kiganja chake ukutani, akausukuma kwa mkono mmoja huku mtoto kamkumbatia kwa mwingine, anasema, "Basi jamani, basi, basi," na sijui alikuwa anamwambia nani.

Ukasimama.

Ile sauti ya turubai ilikoma mtaa mzima kwa mara moja. Tulibaki tumesimama, mapanga mikononi, watoto wanalia. Tundu la Mishi halikupungua tena. Baada ya muda, taratibu sana, likaanza kupanuka.

"Mwantumu amemrudisha?" mtu aliuliza. "Mtoto karudi?"

"Hakurudi," nilisema. Na nikaanza kukimbia kwenda kwa dada yangu, kwa sababu swali lile nililomwuliza Mwantumu, mama yake atazungumza na nani, sasa nilikuwa na jibu lake.

Mlango wa Hadia haukuwa umebana hata kidogo. Ulikuwa wazi, mpana, kama wa nyumba yenye sherehe. Alikuwa ameketi mkekani, pale pale alipolizika lile kondo, gauni kalifungua mgongoni, mgongo kauegemeza ukutani. Ukuta ulikuwa umepanda na kuzingira mabega yake kama unga unavyouzingira mkono wa mkandaji. Hakukuwa na damu. Uso wake ulikuwa mtulivu, na utulivu huo ndio uliofanya miguu yangu ikatae kuvuka kizingiti.

"Umerudi?" alisema. "Wewe?"

"Nimerudi."

"Leo itanyesha mvua ya mawe. Sijawahi kukuona unarudi mahali bila kuitwa." Alivuta pumzi. "Mtoto?"

"Amekwenda."

"Alilia?"

"Hakulia."

"Basi." Akafumba macho. "Ukuta ulikuwa unamtafuta kwa damu yake. Nikauambia, damu yake ni hii hapa, imetoka kwangu. Ukanionja. Umeridhika."

"Hadia, toka hapo."

"Nitoke niende wapi? Mimi si wewe." Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama siri ya watoto: "Mhina, hapaumi. Pana baridi, pazuri. Hilo ndilo linalonitisha."

*

Dada yangu aliishi hivyo mpaka masika. Tulimlisha uji, ingawa hakuuhitaji. Alinenepa. Mvi za utosini zikageuka nyeusi. Usiku aliimba nyimbo za kulaza watoto ambazo hakuna aliyemfundisha, na asubuhi hakumbuki.

Injinia Nakijwa alisema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuuwekea mzizi sumu. Ungekufa, lakini ukifa ungebana mara ya mwisho, kwa nguvu zote, kwa hiyo watu wote wangetakiwa kutoka na wasirudi. Ya pili ni kuufundisha usahau, na hiyo ni kazi ya miaka. Kamati ikakutana. Mwenyekiti Semhando, mtu mpole, mstaafu wa reli, alimwuliza kila mmoja atakwenda wapi ikiwa nyumba zitakufa. Mvua zilikuwa zinakaribia. Hata Mishi, ambaye alikuwa bado anaota lile tundu, alisema hawezi kurudi kwenye mabati na mtoto mchanga. Wakaamua kusubiri. Hakuna aliyesema wanasubiri kitu gani.

Hadia alianza kudhoofika ghafla, moyo tu, uzee. Ukuta unajua kulisha, haujui kufufua. Siku ile ile Semhando alinijia kibarazani na watu wawili, Kombo mmoja wao. Walileta pilau kwenye sahani yenye kawa.

"Karibu chakula, mjomba," alisema. Hakuwahi kuniita mjomba kabla ya siku hiyo.

"Nimeshiba."

"Onja tu. Mke wangu amekuandalia." Akakaa. Akauliza habari za miguu yangu, za afya yangu, kama napata usingizi. Aliuliza kwa upole kama anavyoulizwa bwana harusi. Mzigo wangu mdogo nilikuwa nimeshaufunga, uko nyuma ya mlango, na niliona macho yake yameuona.

"Dada yetu anatuacha," alisema mwishowe. "Akituacha, ukuta utatafuta tena. Damu iliyobaki ni yako, ya Mwantumu, na ya mtoto."

"Mtoto hamjui aliko."

"Hatujui." Alipangusa mdomo kwa leso. "Lakini tutajua. Hatupendi, mjomba. Wallahi hatupendi. Watu wenye watoto ndani watatafuta, na mimi sitaweza kuwazuia."

Nilimtazama Kombo. Nilitegemea kumwona na hasira. Alikuwa anatazama sakafu, na nikaelewa kwamba angemtafuta mtoto huku analia.

"Mnanilazimisha?"

"Nani akulazimishe? Guta tumekutafutia jingine, liko nje. Ukitaka kuondoka, ondoka." Akasimama, akaifunika sahani vizuri. "Pilau isipoe."

Wakaenda. Guta kweli lilikuwepo nje, jipya, limetiwa upepo. Nililizunguka. Nikapanda. Nikakaa juu ya tandiko, mguu mmoja kwenye pedeli, jua linanipiga shingoni, na barabara iko wazi mpaka darajani, hata kile kiti cha mlinzi hakina mtu. Maisha yangu yote sikuwahi kuomba zaidi ya hapo. Niliogopa ukuta ule kuliko nilivyowahi kuogopa kaburi, kwa sababu kaburini angalau mtu hajui kwamba amekaa mahali pamoja.

Halafu nikakumbuka vidole vya Saumu, vilivyokuwa na ganzi, jinsi vilivyokiachia kidole changu ili niweze kurudi.

Niliingia kwa dada yangu akiwa bado anapumua. Nilivua shati, nikakaa kando yake, nikaegemea. Mwanzo hapakuwa na kitu ila ubaridi, kama kigae cha sakafu. Kisha nikahisi kitu kinanionja, kwa makini, pingili baada ya pingili. Nilitaka kupiga kelele. Hadia alinishika mkono. Ukuta ulisita muda mrefu, maana damu yangu ilikuwa ya mbali zaidi kuliko yake, na kwa kuwa yake ilikuwa inapoa, nje nikasikia milango inaanza kulia. Ndipo ukakubali. Na miguu yangu, ambayo tangu utoto ilikuwa ikiniwasha kila ninapokaa, ikanyamaza. Nililia kwa ajili ya miguu hiyo, kwa sababu nilijua sitaihitaji tena, na kibaya zaidi, sitaitamani.

*

Hadia alifariki jioni ile. Hawakuweza kumtenganisha na ukuta, wakakata kipande, akazikwa nacho.

Semhando alichaguliwa tena kuwa mwenyekiti. Fundi Mngoya mbavu ziliunga vibaya, anapumua kwa mluzi, na bado anaishi nyumba ile ile. Kombo na Mishi walihamia chumba cha tofali mjini, kidogo na cha joto. Kombo huja kila Ijumaa kuninyoa, hazungumzi sana.

Injinia Nakijwa bado anajaribu kuufundisha mzizi usahau. Nywele zake zimekuwa nyeupe, na zangu zimekuwa nyeusi. Mtaa ulipewa tuzo. Miji mingine imepanda nyumba kama hizi, kwa sharti lile lile.

Mwantumu anaosha vyombo kwenye hoteli mahali fulani milimani. Saumu aliumwa karibu afe, akapona. Ana kovu pana kitovuni. Amekuwa msichana sasa, na hakai. Kila baada ya muda anahama mji, anabadili kazi, anabadili namba. Mama yake hunipigia na kusema tu, "Amehama tena," nami nacheka. Haniambii amehamia wapi. Nami siulizi, kwa sababu siku hizi kila ninachokijua, ukuta nao unakijua.